Safari fupi ya misheni nje ya nchi: namna ya kujiandaa, na namna ya kuitafakari mkisharudi Moshi

Sisi wa Moshi tumezoea kupokea wageni wa misheni kuliko kuwa wageni hao. Tangu wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walipofika Machame mwaka 1893, nyumba zetu na sharika zetu zimekuwa zikiwakaribisha watu waliotoka mbali kwa ajili ya Injili, na hata leo ukipita mjini mwezi wa Julai utaviona vikundi vya vijana wa Ulaya na Marekani vikishuka kwenye mabasi madogo, wote wamevaa fulana za rangi moja. Mama zetu wanajua mambo ambayo wageni hao hawayajui: nani aliamka saa kumi alfajiri kuchemsha maji ya kuoga, kuku wa nani walichinjwa, na ukuta upi wa darasa ulipakwa rangi mara ya pili kwa sababu tu kundi la pili lilikuwa limekuja na makopo yake na halikuwa na kazi nyingine ya kupewa.

Siku hizi sharika zetu nazo zinatuma vikundi nje, kwenda Malawi, Zambia, Burundi na kwingineko, na ninachokiona ni kwamba tukivuka mpaka tu, tunayasahau yote tuliyoyajua tukiwa upande wa jikoni. Mwongozo huu ninauandika kwa kamati zinazoandaa safari za namna hiyo. Mfano nitakaoutumia ni wa kaskazini mwa Malawi, karibu na Karonga, kwa sababu ndiko nilikokwenda mara mbili.

Anzeni na mwenyeji, si na mchango

Kamati nyingi huanza kwa kuandika bajeti na kuchapisha kadi za michango, kisha ndipo hutafuta mahali pa kwenda. Pindueni utaratibu huo. Barua ya kwanza iende kwa mwenyeji, nayo iwe barua ya kuuliza: mnahitaji nini, watu wangapi mnaweza kuwalaza, na wiki ipi haitawavurugia kazi zenu. Barua yetu ya kwanza haikuuliza lolote. Ilitangaza kwamba tungekuja na kwaya, na semina ya ndoa, na marobota mawili ya nguo, na jibu lililorudi lilikuwa la adabu, la mstari mmoja, kwamba tunakaribishwa sana. Tulipofika ndipo tulipogundua kwamba semina ya ndoa walikuwa wameifanya mwezi uliotangulia, na kwamba hitaji lao kubwa lilikuwa mtu wa kuwafundisha wazee wa kanisa kutunza vitabu vya fedha. Tulikuwa na mstaafu wa benki miongoni mwetu. Tulikuwa tumempa kazi ya kuhesabu mizigo.

Kuhusu majira, jihadharini na Desemba. Kwetu Desemba ni mwezi wa kurudi nyumbani, watu wana likizo na mifuko ina chochote, kwa hiyo ndio mwezi unaopendwa na kamati. Kwa mkulima wa Malawi, mvua huanza kati ya Novemba na Desemba, watu wako shambani wakipanda, na akiba ya mahindi ya msimu uliopita inapungua kila wiki mpaka mavuno ya Aprili na Mei. Kumpelekea mtu wageni ishirini wakati huo ni kumla. Juni hadi Agosti barabara ni kavu, mahindi yako ghalani, na wanafunzi wetu nao huwa na likizo ya katikati ya mwaka.

Idadi ya watu iwe ndogo. Wanane wanatosha, kumi na wawili ni wengi, na ishirini na watano ni sherehe ya harusi isiyo na bibi harusi. Chakula chenu kilipiwe mapema, na fedha hiyo itumwe kimya kimya kwa mweka hazina wa akina mama wa huko kabla hamjaondoka, kwa sababu mwenyeji hatawaambia kwamba hana, na mgeni akimkabidhi bahasha mbele za watu anamwaibisha. Mkichangisha kwa mnada wa ndizi baada ya ibada, kama ilivyo desturi yetu, waelezeni washarika waziwazi ni kiasi gani kitakwenda kwenye nauli na kiasi gani kitafika kwa wenyeji. Wakishangazwa na nauli, wana haki ya kushangaa, na ni afadhali mjadala huo ufanyike ukumbini kabla ya safari kuliko barazani baada yake.

Hati, chanjo na barabara

Pasipoti huombwa kwa mtandao kupitia Idara ya Uhamiaji, na ada yake ni shilingi 150,000. Anzeni miezi mitatu kabla, maana kinachochelewesha watu mara nyingi ni jina la cheti cha kuzaliwa kutofautiana na lile la kitambulisho cha taifa. Kila msafiri awe na nakala ya barua ya mwaliko na ya barua ya utambulisho ya usharika, na aliye chini ya miaka 18 awe na idhini ya wazazi kwa maandishi. Mwenyeji naye aulize mapema uhamiaji wa kwao iwapo kazi mnayokwenda kuifanya inahitaji kibali. Mpakani semeni mnachokwenda kukifanya. Mtu anayejiita mtalii huku amebeba Biblia arobaini hamsaidii yeyote.

Kuna kadi mbili za njano, na watu huzichanganya. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, ambayo huchomwa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu Julai 2016 cheti chake hudumu maisha yote, kwa hiyo aliyechanjwa zamani asilipe tena. Nyingine ni ya bima ya gari, ya mpango wa COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, nayo inamhusu dereva iwapo mnakwenda na gari lenu. Sisi tulikuwa na ya kwanza tu, na tulikaa mpakani Kasumulu mpaka jua likazama.

Malaria isichukuliwe kwa wepesi. Mtu aliyekulia Marangu au Old Moshi juu, penye baridi na mbu wachache, anaposhuka kando ya Ziwa Nyasa huwa na kinga ndogo kuliko mwenyeji wake, kwa hiyo mwoneni daktari kuhusu dawa za kinga na chukueni vyandarua. Ziwani msiogelee, maana kuna kichocho. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa: kipindupindu kilichoanza Malawi mwezi Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700.

Kutoka Moshi hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita elfu moja, na ni vyema kulala Mbeya na kuvuka mpaka asubuhi. Mkivuka, rudisheni saa zenu nyuma kwa saa moja, na kumbukeni kwamba Malawi huhesabu saa kwa mtindo wa Kiingereza. Mwenyeji wetu, aliyejifunza Kiswahili kwa wafanyabiashara, alituandikia kwamba ibada ni “saa 7”. Tulifika saa saba mchana, tumependeza, na kuwakuta wakifagia kanisa.

Mazoezi ya kusema

Kutaneni walau mara nne kabla ya kuondoka, na sehemu kubwa ya muda huo itumieni kujifunza kuongea kupitia mkalimani. Ushuhuda wa dakika tano ukitafsiriwa ni dakika kumi, na asiyezoea hutoa sentensi ndefu kama treni, mkalimani akabaki akimtazama. Njia rahisi niliyoiona ni hii: mwombeni bibi mmoja wa usharika akae mbele, msemaji aseme kwa Kiswahili, na kijana mwingine atafsiri kwa Kichaga, cha Kimachame au cha Kivunjo. Bibi akikunja uso, rudieni. Katika dakika ishirini kila mtu atakuwa amejua ni mafumbo gani ya mahubiri yetu hayavuki lugha.

Jifunzeni pia salamu na shukrani. “Yewo” ya Kitumbuka na “zikomo” ya Kichewa zitawafikisha mbali. Karonga huzungumzwa Kingonde, ndugu wa Kinyakyusa, na kama mna Mnyakyusa usharikani, huyo ndiye mpate nauli yake kwanza. Na jambo dogo: lile ziwa sisi tunaliita Nyasa, wao wanaliita Ziwa Malawi. Mkiwa kwao, msibishane.

Mkiwa ugenini

Katika Luka sura ya 10 Yesu anawaagiza wale anaowatuma wakae katika nyumba ile ile, wakila na kunywa wanavyopewa. Kwa hiyo kondowole, ugali wa muhogo wa huko, uliwe, na anayetaka mchele anyamaze. Msihubiri siku ya kwanza kama hamkuombwa; kaeni, msikilize mwinjilisti wa mtaa.

Zaidi ya yote, mtu binafsi asitoe ahadi ya fedha. Hili nalisema kwa aibu. Siku ya kuondoka, msichana mmoja wa sekondari alinieleza habari ya ada yake, nami, nikiwa nimeguswa na nyimbo za kuagana, nikamwambia, “Mwanangu, usijali, nitakutumia.” Nilirudi nikakuta ada za wanangu zinanisubiri. Nilituma baada ya miezi saba, na kwa miezi hiyo mama yake alikuwa akimwuliza mchungaji wa kule kila Jumapili kama yule mzee wa Moshi amesema neno. Hitaji lolote mtakaloliona liandikwe, lipelekwe kwa kiongozi, naye azungumze na baraza la wazee la mwenyeji.

Kila jioni tengeni nusu saa ya daftari. Kila mtu aandike alichokiona, alichokula, nani alikipika, na swali moja lililomsumbua. Msiandike hitimisho; bado ni mapema.

Mkirudi

Katika Marko 6 mitume wanarudi na kumweleza Yesu mambo yote waliyoyafanya, naye anawaambia waende mahali pa faragha wakapumzike. Usharika wetu hufanya kinyume: basi linaingia Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi kundi liko madhabahuni likitoa ushuhuda kwa macho mekundu. Ombeni mpewe wiki mbili. Kisha kutaneni peke yenu, kila mtu asome daftari lake kwa sauti, na ndipo mtafute pale ambapo madaftari hayapatani, kwa sababu hapo ndipo pana cha kujifunza.

Kuna sentensi moja ya kuiwinda. Miaka kadhaa iliyopita, binti mgeni akituaga hapa Moshi alisema kwamba amejifunza kuwa watu maskini wanaweza kuwa na furaha. Mzee aliyeketi karibu nami alitazama viatu vyake mwenyewe, vipya, akacheka chini chini. Niliporudi kutoka Malawi nilifungua rasimu ya taarifa yangu na kuikuta sentensi ile ile, ila kwa Kiswahili. Mkiiona kwenye daftari, muulizeni aliyeiandika alimwona nani, na mtu huyo alisema nini hasa.

Taarifa ya maandishi, pamoja na hesabu ya fedha mpaka chenji, itumwe kwanza kwa mwenyeji aisahihishe. Yetu ilisema kwamba watu 64 walimpokea Kristo. Mchungaji wa kule alijibu kwa upole kwamba waliosimama walikuwa wengi kweli, ila zaidi ya nusu yao ni wanakwaya wake, ambao husimama kila wanapoitwa ili mgeni asivunjike moyo. Tulirekebisha idadi, na washarika wakatuamini zaidi kwa mengine.

Baada ya hapo waalikeni wao, kwa nauli mtakayochangisha kwa bidii ile ile. Wachague wenyewe mwezi na kazi watakayoifanya. Wakichagua Julai, waandalieni blanketi nzito mbili kwa kila kitanda, maana mtu wa kando ya ziwa hapati usingizi katika baridi ya Marangu, na hatawaambia.