Somo: Jenereta ya signali ya karakana, jitengenezee mwenyewe

Naiweka hapa yote kwa mkupuo, maana kila siku naulizwa jambo hilihili. Hii inatoa wimbi la sini (wimbi laini lisilo na kona) la kupimia amplifaya, redio na spika. Ni saketi ya Wien, ileile aliyoitumia William Hewlett, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya HP, kwenye jenereta yake ya mwaka 1939. Soma yote kabla hujashika chuma cha kulehemu.

1. Umeme: betri mbili za volti 9 kwa mfululizo, maungio ya katikati ndiyo athi (volti sifuri ya saketi). Swichi ikate betri zote mbili kwa pamoja.

2. Aisi TL072 (ndani yake mna opampi mbili, yaani vikuza-volti viwili). Mguu wa 8 chanya, wa 4 hasi. Kila mmoja uwekee kapasita ya nanofaradi 100 kwenda athi, karibu kabisa na aisi.

3. Masafa: kutoka mguu wa 1, rizista 10k (omu elfu 10) ikifuatiwa na kapasita ya nanofaradi 15, hadi mguu wa 3. Kutoka mguu wa 3 kwenda athi, 10k na nanofaradi 15 nyingine, hizi zikae sambamba. Utapata kama 1,060 Hz. Tumia kapasita za filamu. Nyingi za seramiki hubadilika thamani kwa joto na volti.

4. Ukuzaji. Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo twende polepole. Mguu wa 2 kwenda athi weka 10k. Kutoka mguu wa 1 kurudi mguu wa 2 weka mfululizo huu: 10k, kisha volyumu ndogo ya bisibisi ya 10k, kisha 10k nyingine iliyo sambamba na dayodi mbili za 1N4148 zilizogeuziana. Ukuzaji unatakiwa ukae kwenye 3. Ukipungua, saketi inanyamaza. Ukizidi sana, wimbi linakatwa vichwa. Anza volyumu ikiwa sifuri, ipandishe taratibu mpaka mlio uanze, ongeza kidogo tu, acha. Usiipeleke mwisho. Kama huna osiloskopu (kifaa cha kuonyesha umbo la wimbi), sikiliza kwenye amplifaya nzima: sini ina mlio laini kama filimbi, iliyokatwa inakwaruza. Na dayodi zote mbili zikielekea upande mmoja, wimbi litakuwa na tumbo upande mmoja.

5. Kutoa: mguu wa 1 kwenda volyumu ya 10k, upande wa pili wa volyumu athi, mguu wake wa kati kwenda mguu wa 5. Unganisha 6 na 7. Kutoka 7 pitisha rizista ya omu 560, kisha kapasita ya mikrofaradi 1.

Onyo: usiiunganishe na kifaa ambacho chesisi yake imeshikana na umeme wa ukutani bila transfoma. Athi ya jenereta itakuwa na umeme, nawe umeishika mkononi.

MASWALI

Swali: Mkuu, nimeunga, haitoi kitu. Tatizo nini?
Jibu: Hujasema umepima nini. Pima mguu wa 8 na wa 4 dhidi ya athi, kisha rudi hatua ya 4.

Swali: Nimepima, umeme upo. Volyumu nimeiacha sifuri.
Jibu: Hatua ya 4 imesema uipandishe.

Swali: Naweza kuweka aisi ya 741 badala ya TL072?
Jibu: Ni opampi moja, kwa hiyo utahitaji mbili, na miguu haifanani. Kwa 1 kHz itafanya kazi. Ukipanda kuelekea 20 kHz kwa volti kubwa itashindwa kukimbia, sini igeuke pembetatu.

Swali: Samahani fundi, kwa nini ukuzaji uwe 3 hasa?
Jibu: Swali zuri sana. Ule mtandao wa hatua ya 3, kwenye masafa yake, unapitisha theluthi moja tu ya volti, bila kuichelewesha wala kuiwahisha. Ukikuza mara 3 unarudisha kilichopotea, wimbi linajiendesha. Dayodi zinabana pale linapotaka kuvimba. Hewlett alitumia balbu ndogo: ikipata moto ukinzani unapanda, ukuzaji unashuka wenyewe. Ijaribu, sini yake ni safi kuliko ya dayodi.

Swali: Na masafa mengine?
Jibu: Badili kapasita zote mbili kwa pamoja: nanofaradi 150 inatoa kama 106 Hz, nanofaradi 1.5 kama 10.6 kHz. Mita nyingi za kawaida zinadanganya volti za AC masafa yakipanda, kwa hiyo pimia kwenye 106 Hz.

Mchango: Mimi natafuta hitilafu ya amplifaya kwa kuingiza signali hii, kuanzia spika kurudi nyuma. Mlio unapopotea, kosa liko kwenye hatua hiyo.
Jibu: Sawasawa. Ila punguza signali kila unaporudi hatua moja, la sivyo utaipakia kupita kiasi na kudhani imeharibika.