Kupima modeli ya mtawanyiko wa gesi kwa data ya Prairie Grass

Juzi nimekesha kwenye simu na dogo mmoja anaandika tasnifu, modeli yake inampa sifuri mahali ambapo vipimo vinaonyesha gesi kibao, akaanza kulaumu fomula. Fomula ya watu haina kosa. Naandika hapa asije akakesha mwingine.

1. Tafuta data. Anza na Prairie Grass, jaribio la O'Neill, Nebraska, 1956. Walikuwa wanaachia salfa dayoksaidi karibu na ardhi, dakika 10 kila mara, vifaa vya kupimia vimepangwa kwenye matao matano kuzunguka chanzo: mita 50, 100, 200, 400 na 800. Uwanda mtupu, modeli ikifeli pale haina pa kusingizia.

2. Endesha modeli. Hii unajua. Ila ukwaru wa ardhi weka mita 0.006, zilikuwa nyasi fupi zile.

3. Upepo. Hapa ndo tulipolia. Digrii za upepo zinasema unakotoka, sio unakoenda, kama vile kusi inatoka kusini na ndiyo iliyokuwa inarudisha majahazi Arabuni. Dogo kaona 180 kapeleka gesi kusini. Haya, tukageuza, bado matokeo mabovu, kwa sababu mwelekeo ukikosea hata digrii 5 tu, kwenye tao la mita 800 katikati ya wingu inahama mita 70, na usiku uliotulia sigma ya pembeni (yaani wingu linavyotawanyika kutoka katikati kwenda pembeni) ni kama mita 30 tu, kwa hiyo kifaa kilichokuwa katikati kabisa modeli inakipa chini ya asilimia 10 ya kilele. Utasema modeli mbovu kumbe kosa la upepo. Kwa hiyo usilinganishe kifaa kwa kifaa, linganisha kilele cha kila tao, cha kupimwa na cha kukadiriwa. Lakini angalia, kama wingu limepita ukingoni mwa tao na kilele hakikunaswa, tao hilo tupa. Na kilele hakikuambii wingu ni pana au jembamba, upana uangalie peke yake.

4. Takwimu. R-mraba (kipimo cha makadirio yanavyofuatana na vipimo) usiniletee, namba mbili tatu kubwa za mita 50 zinaibeba yote. Tumia FAC2, yaani makadirio mangapi yako kati ya nusu na mara mbili ya kipimo, pamoja na FB, yaani kwa wastani modeli imezidisha au imepunguza kiasi gani. Chang na Hanna (2004) wanataka FAC2 ipite 0.5 na FB isizidi 0.3 juu au chini. Mimi natumia openair, kifurushi cha programu ya takwimu ya R, Ekseli hapana.

5. Tenganisha usiku na mchana. Modeli inayozidisha usiku na kupunguza mchana FB yake inaweza kukaa karibu na sifuri ukashangilia bure. Ya dogo ndo ilikuwa hivyo, sahivi anahangaika na sigma za usiku.