Kusoma haki za binadamu Dar es Salaam: anza na kozi, malizia na hukumu

Ukisaka shahada ya kwanza yenye jina la haki za binadamu peke yake, utazunguka sana. Wengi hapa Dar hupitia shahada ya sheria, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miaka 4. Sayansi ya siasa inamfaa anayelenga utafiti au utetezi wa sera, lakini uwakili hautaupata kwa njia hiyo: lazima uwe na shahada ya sheria, kisha upite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Kabla ya kuomba, fungua mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), linganisha alama zako za kidato cha sita na sifa za kila programu, halafu omba moja kwa moja chuoni. Usiishie kwenye jina la programu. Tafuta orodha ya masomo, uone haki za binadamu linafundishwa mwaka gani, na kama ni la lazima au la hiari. La hiari huweza kukosa mwalimu muhula unaolitaka.

Ukishaingia, kuwa na Katiba ya 1977 mkononi, si desa (nukuu wanazonakiliana wanafunzi). Haki zilizoingizwa 1984 ziko ibara ya 12 hadi 29, na ya 30 inaeleza mipaka yake na namna ya kwenda Mahakama Kuu. Hapa ndipo wengi huanguka kwenye mtihani: swali la elimu likija, wanakimbilia ibara ya 11. Ibara hiyo imo kwenye Sehemu ya Pili, na ibara ya 7(2) inasema mahakama haiwezi kuyatilia nguvu masharti ya sehemu hiyo. Tangazo la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa la 1948 nalo limetajwa ibara ya 9, humohumo. Hoja ikitegemea hayo tu, haina miguu.

Kazi kubwa ni kusoma hukumu. TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, wanaziweka bure mtandaoni. Anza na shauri la mwanaharakati Rebeca Gyumi kuhusu vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, au 14 kwa kibali cha mahakama. Soma ya Mahakama Kuu ya 2016, kisha ya Rufani ya 2019. Andika kwa ukurasa mmoja: nani analalamika, kifungu kipi, kinagongana na ibara ipi, serikali ilijitetea vipi, majaji waliamua nini na kwa sababu gani. Sababu ndiyo inayokupa alama. Matokeo kila mtu anayajua.

Halafu geukia utaratibu, ambao wanafunzi huuruka kwa sababu unachosha. Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, inataka majaji watatu kusikiliza shauri. Marekebisho ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aeleze kwa kiapo jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika, hadi Mahakama ya Rufani ilipoyabatilisha masharti hayo 2025. Madesa ya zamani hayana hilo. Vilevile hayasemi kwamba mwaka 2019 Tanzania iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kufungua mashauri moja kwa moja Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha. Angalia tarehe ya desa kabla ya kulinakili.