Panki ya mwanzo inapokukera: namna ya kuisikiliza, kuipima na kuikataa kwa haki

Ukisoma historia ya muziki wa magitaa, huwezi kuiruka panki roki, yaani roki fupi, ya kasi na ghafi, ya mwaka 1976 na 1977. Mwanafunzi wa Iringa anayeandaa wasilisho, mtangazaji wa Mbeya anayetaka kipindi cha muziki wa nje, mpiga gitaa wa kwaya ya Tukuyu aliyeambiwa kwamba hawa ndio walioleta mapinduzi, wote hufika mahali pamoja: wanapakua nyimbo, wanabonyeza, na baada ya dakika tatu wanazima. Kelele tupu.

Kutoipenda si kosa, na mwongozo huu haukusudii kukugeuza. Unachohitaji ni kujua kinachokukera hasa ni kipi, maana kero ya panki hutoka sehemu tatu: spika zako, studio ilikorekodiwa, na wapigaji wenyewe. Kero ya spika inatibika leo hii. Ya studio unaweza kuikwepa kwa kuchagua toleo. Ya wapigaji haina dawa, na hapo ndipo una haki ya kusema huipendi.

Anza na sabufa

Sabufa nyingi zinazouzwa kwenye masoko kama Mwanjelwa au Mlandege zina boksi moja kubwa la besi na spika ndogo mbili. Zimepangwa kwa ajili ya bongo fleva na amapiano, muziki ambao besi yake inakaa chini kabisa, kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 40 hadi 80. Panki ya mwanzo haina kitu kikubwa huko chini. Besi yake inapigwa kwa piki, kile kipande kidogo cha kuchapia nyuzi, na inasikika zaidi kuanzia hezi 100 kwenda juu, huku gitaa na mwimbaji wakibanana kati ya 300 na 4,000. Matokeo yake boksi kubwa linakaa karibu bila kazi, na spika ndogo, ambazo hazina katikati ya maana, zinabeba kila kitu. Ukiongeza besi kwa kitasa, kinachoongezeka ni mtetemo wa boksi. Gitaa la besi lenyewe linabaki pale pale.

Sikio la binadamu linahisi zaidi sauti za kati ya hezi 2,000 na 5,000, na huko ndiko gitaa la panki linakokwaruza. Kwa hiyo rudisha kitasa cha besi katikati, punguza trebo kidogo, zima kila kitu kinachoitwa kuongeza besi au sauti ya pande zote. Simu nyingi za Android zina ikwalaiza ya vitasa vitano: 60, 230, 910, 3,600 na 14,000. Acha cha 60 kwenye sifuri, pandisha cha 230 desibeli 2, usiguse cha 910, shusha cha 3,600 desibeli 4 na cha 14,000 desibeli 2. Usizidi hapo. Ukishusha 3,600 hadi mwisho, maneno yanapotea na mwimbaji anasikika kama amefunikwa gunia.

Jambo la pili ni kuhakikisha pande zote mbili zinafanya kazi. Albamu ya kwanza ya bendi ya Ramones, iliyotoka Aprili 1976, ilichanganywa kwa namna ya ajabu kidogo: besi iko upande wa kushoto, gitaa liko kulia, ngoma na sauti katikati. Waya mweupe wa sabufa ukiwa umelegea, unabaki na gitaa linalokoroma bila besi ya kulishika. Ukilegea mwekundu, unapata besi na ngoma na mtu anayepiga kelele, halafu unajiuliza hilo gitaa maarufu liko wapi. Ndiyo maana wanafunzi wawili wanaogawana hedifoni moja, kila mtu sikio lake, wanaweza kubishana bure: mmoja anasikiliza besi, mwenzake anasikiliza gitaa. Weka wimbo mmoja wa albamu hiyo, sikiliza upande wa kushoto peke yake kisha wa kulia. Kama husikii tofauti, kifaa chako kinachanganya pande zote kuwa moja; upande ukiwa kimya, waya wake umekufa.

Faili nalo lina neno. Nyimbo zilizobanwa hadi kilobiti 128 kwa sekunde huharibika kwanza kwenye matoazi: yanageuka kuwa shhh isiyoisha, kama redio iliyo nje ya stesheni. Panki inapiga matoazi tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, kwa hiyo unasikia uharibifu huo bila kupumzika. Tafuta kilobiti 320. Albamu ya Ramones ina nyimbo 14 kwa dakika 29 tu, hivyo nzima itakula takribani MB 70 za bando. Ni nafuu.

Chumba chenye sakafu ya saruji, kuta tupu na dari isiyofungwa chini ya bati kinarudisha trebo yote usoni kwako. Huku nyanda za juu blanketi zito halikosekani: tundika moja ukutani nyuma ya unapokaa, na lingine kwenye ukuta unaotazamana na spika kama ni tofauti. Kaa mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye spika, na sauti iwe kiasi kwamba unaweza kuongea na mtu wa pembeni bila kupaza. Wengi hukosea hapa kwa kudhani panki lazima isikilizwe kwa sauti ya juu. Muziki huu hauna sehemu za kimya, sikio halipati pa kupumulia, na dakika kumi za sauti ya juu zinatosha kukuchosha hata kama wimbo wenyewe ungeupenda.

Kilichotoka studio

Sasa spika zimenyooka. Kinachobaki ni rekodi yenyewe, na nyingi kati ya hizi zilitengenezwa kwa haraka na kwa fedha kidogo. Ramones walimaliza albamu yao ya kwanza New York kwa takribani wiki moja, kwa gharama ya dola 6,400 hivi. Buzzcocks wa Manchester walikopa pauni 500 kwa ndugu na marafiki, wakarekodi nyimbo nne siku ya tarehe 28 Desemba 1976, na mwezi uliofuata santuri yao, Spiral Scratch, ikawa sokoni kwa lebo yao wenyewe, nakala 1,000 za kwanza. Nyuma ya kava waliandika kila wimbo ulirudiwa mara ngapi kabla ya kukubaliwa, na kama uliongezewa kitu baadaye. Ukiisikia nyembamba na kavu, ndivyo ilivyo kweli. Spika zako hazina hatia.

Mara nyingine una toleo la kuchagua. Raw Power ya The Stooges, ya mwaka 1973, ni mtangulizi wa panki na ina michanganyo miwili inayojulikana. Ule uliotoka kwanza, uliofanywa karibu wote na mwanamuziki David Bowie, unaficha besi na ngoma hadi unazitafuta kwa tochi. Ule wa mwimbaji wao Iggy Pop wa mwaka 1997 una nguvu, lakini umepandishwa sauti mpaka unakwaruza mwanzo hadi mwisho. Sikiliza wimbo mmoja katika matoleo yote mawili kabla ya kutoa hukumu, na andika ulisikiliza lipi.

Albamu ya Sex Pistols ya Oktoba 1977 ina tatizo la kinyume. Hiyo haikufanywa kwa pupa. Mpiga gitaa wao, Steve Jones, alirundika gitaa juu ya gitaa mpaka likawa ukuta. Anayelalamika kwamba panki yote ni rekodi mbovu za gereji hajaisikiliza hiyo; anayechoshwa na ukuta huo ana hoja.

Na kwa wanaoogopa kuonekana washamba: albamu ya kwanza ya The Clash ilitoka Uingereza Aprili 1977, lakini kampuni yao upande wa Marekani haikuitoa hadi 1979, kwa kuona sauti yake ni ghafi mno kwa soko lao. Wenye mali wenyewe walisita.

Kilicho kwenye muziki

Hapa ndipo penye ugomvi wa kweli, hasa kwa sikio lililolelewa na muziki wa dansi. Katika dansi kila gitaa lina njia yake. Ridhimu inazunguka, solo ya pili inajibu, solo inapanda juu, besi inaruka ruka katikati ya tumba, na wimbo ukishakolea sebene linaanza. Panki ya Ramones ina gitaa moja linalochapa nyuzi zote kwa pamoja, kwa kushuka tu, mapigo takribani 170 au zaidi kwa dakika, na besi inafuata nyayo zake karibu noti kwa noti. Hakuna anayemjibu mwenzake. Wimbo unaisha baada ya dakika mbili, yaani pale ambapo bendi ya dansi haijamaliza hata ubeti wa pili. Ngoma zinakwenda mbele moja kwa moja bila mchanganyo wa miondoko kama ule unaousikia kwenye ing'oma ya Wanyakyusa.

Kama unapiga gitaa, usiishie kusikiliza. Weka metronomu (kifaa au programu ya kuhesabu mapigo) kwenye 120, shika kodi moja ya vidole vyote, chapa mara mbili kwa kila pigo, mkono ukishuka tu. Ukimudu dakika moja bila kuyumba, panda 130, kisha 140, hadi 170. Hapo unachapa mara 340 kwa dakika. Wengi huanza kudanganya wakifika 150 kwa kupiga chini-juu. Utalijua kosa hilo kwa sababu mchapo wa juu ni mwepesi na mdundo unaanza kuchechemea. Maumivu yakija kwenye kiwiko, acha kwa siku hiyo: unabana piki kupita kiasi. Johnny Ramone, mpiga gitaa wa Ramones, alipiga hivyo onyesho zima. Unaweza kuuchukia mlio wake, lakini baada ya zoezi hili hutasema tena kwamba ni muziki wa wasiojua kitu.

Mpangilio wa saa moja

Kosa kubwa ni kuanza na nyimbo zinazotajwa zaidi. Anza na kile ambacho sikio lako tayari lina pa kukishikia.

Weka kwanza Marquee Moon ya Television, 1977, wimbo wenye jina la albamu, takribani dakika 10. Bendi hii ilipiga klabu ile ile ya CBGB ya New York na Ramones, lakini magitaa yake mawili ni masafi na yanaongea. Mpenzi wa dansi atatulia hapa. Kisha Police and Thieves ya Junior Murvin, rege ya mwaka 1976 iliyotengenezwa na Lee Perry, na papo hapo toleo la The Clash la mwaka uliofuata. Rege ina wapenzi wengi Mbeya, kwa hiyo utasikia mara moja walichokiacha na walichokichukua. Sauti nyororo ya Murvin imekwenda, na gitaa limejazwa mahali palipokuwa wazi.

Baada ya hapo X-Ray Spex, kwa ajili ya saksafoni na kwa ajili ya Poly Styrene, mwimbaji ambaye baba yake alikuwa Msomali. Sauti yake inachoma. Mpe wimbo mmoja tu. Kisha Boredom ya Buzzcocks, yenye solo ya noti mbili tu zinazorudiwa kwa makusudi, dhihaka ya wazi kwa wapiga solo wa enzi ile. Malizia na nyimbo tatu za Ramones, si 14. Zima.

Kwa kila wimbo andika mstari mmoja chini ya moja ya vichwa hivi: kifaa, studio, muziki. Neno "kelele" lisikubaliwe. Andika "gitaa na sauti vinagombania nafasi moja", au "hakuna pa kupumua", au "haimbi, anahubiri". Chochote kinachoweza kuhakikiwa na mtu mwingine.

Ukienda hewani au darasani

Redio nyingi za vijijini ni za spika moja, kwa hiyo usijaribu kuonyesha kushoto na kulia kwa Ramones hewani. Msikilizaji wa Makete hatasikia lolote. Mwambie fundi mitambo apunguze kiwango cha kuingiza kwa desibeli 3, kwa sababu mtambo wa redio unabana sauti, na rekodi hizi hazina pa kubanwa. Piga vipande vya sekunde 40 hadi 60, uongee katikati. Soma maneno ya kila wimbo kabla, maana mengine hayafai saa ya watoto, na lafudhi ya London inaweza kuyaficha mpaka msikilizaji anayejua Kiingereza apige simu.

Unapotetea umuhimu wake, shika mambo yanayoonyeshwa kwa kidole. Spiral Scratch iliwaonyesha vijana kwamba santuri inawezekana bila kampuni kubwa. God Save the Queen ya Sex Pistols ilipigwa marufuku na BBC mwaka 1977 na bado ikafika nafasi ya 2 kwenye chati. Don Letts, didjei wa klabu ya Roxy ya London, alipiga rege kwa sababu santuri za panki zilikuwa chache mno, na ndipo vijana wale walipoizoea. Usiseme walianzisha kila kitu. Ndugu watatu weusi wa Detroit, bendi ya Death, walirekodi muziki wa namna hiyo mwaka 1975, ila albamu ilitoka 2009.

Na kama ulichoandika chini ya "muziki" ni kwamba gitaa limejaa kupita kiasi, jaribu Cut ya The Slits, 1979, iliyotengenezwa na Dennis Bovell. Hapo besi imeachiwa nafasi, gitaa linakwaruza kwa vipande tu, na unaweza kurudisha kitasa cha 3,600 kwenye sifuri.