Jinsi ya kupanga mwaka mzima wa ukumbi wa jamii, tuanze na 2027

Kama umekabidhiwa ukumbi, wa kata, wa parokia, wa ushirika, wowote ule ambao Jumamosi unapiga harusi, Jumanne una semina na Alhamisi jioni vijana wanacheza basketi humohumo ndani, basi kabla hujawaza rangi wala spika mpya nenda kanunue kaunta buku moja kubwa uchore siku zote 365 za mwaka unaokuja. Mi nimeshika daftari la namna hiyo miaka mingi na nakwambia ukumbi haufi kwa kukosa wateja, unakufa kwa sababu wateja wote wanaitaka Jumamosi ileile, alafu siku zilizobaki umefungwa, taa zimezimwa, mlinzi analipwa na panya wanakula vitambaa vya meza.

Ukishachora, weka kalenda mezani. Sio moja. Ya kawaida, ya Kiislamu, ya shule na ya serikali, maana watu wa kwetu wanaishi kwenye zote nne kwa wakati mmoja.

Chukua 2027. Ina Jumamosi 52, sasa anza kutoa. Jumatano ya Majivu ni 10 Februari na Pasaka ni 28 Machi, humo katikati kuna Jumamosi 7 za Kwaresma ambazo makanisa mengi hayafungishi ndoa. Na Ramadhani mwaka huo inatarajiwa kuanza kama tarehe 8 Februari, inategemea mwezi kuandama, yaani inaingia siku mbili tu kabla ya Kwaresma. Kwaiyo kuanzia Jumamosi ya 13 Februari mpaka ya 6 Machi hutapata harusi ya Mkristo wala ya Mwislamu, wiki nne nzima, na kama hujui hilo mapema utakaa ofisini unajiuliza mbona simu hailii. Baada ya Idi Waislamu wanarudi, hizo Jumamosi tatu za mwisho wa Kwaresma ni zao, wakaribishe.

Hizo wiki nne usizililie, ndo za kupanda juu ya bati. Masika inaanza Machi, sasa ukisubiri mvua ikuonyeshe panapovuja utaonyeshwa siku ya sherehe ya mtu, keki ipo mezani na maji yanadondokea kwenye kapeti. Fundi apande Februari, amwage maji ya ndoo kwenye kila msumari, we uko chini na tochi unaangalia. Jioni ukumbi uutoe kwa futari ya pamoja, mtaa mzima, kila mtu aje na sinia lake. Kwetu hiyo imekuwa siku ninayoipenda kuliko harusi zote, unaona wazee wa kanisa wanabeba majagi ya uji kupeleka mikekani, na watu haohao ndo wanakuja kukodi baadae, ila hata wasingekodi ningeendelea.

Rudi nyuma kidogo, Januari. Kila mtu anakwambia Januari ni ngumu, ada, sare, kodi ya nyumba, hakuna anayesherehekea. Kweli, ila angalia kalenda ya pili. Shabani ya 2027 inaangukia kama 10 Januari mpaka mwanzoni mwa Februari, na huku Pwani Shabani watu wanakimbizana kuoa kabla ya mfungo. Ni mwezi ambao ukumbi wa mtu asiyejua unalala na wa mtu anayejua unajaa. Oktoba tu nenda kamsalimie imamu wa msikiti wa hapo karibu, muulize kwa adabu, shehe, Shabani hii tuna ndoa ngapi, atakutajia kwa majina ya wazazi. Kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka kwaiyo usinakili daftari la mwaka uliopita, hesabu upya.

Kalenda ya shule ni rahisi, kumbuka tu mitihani. Darasa la saba wanafanya Septemba, kidato cha nne Novemba, kidato cha sita Mei, na mahafali yanakuja wiki za kabla yake. Alafu Novemba na Desemba zinaingia zile za chekechea, watoto wana majoho madogo na kila mtoto anakuja na ukoo mzima. Mahafali ni ya mchana, yanaisha saa nane, kwaiyo utashawishika kuweka na harusi jioni siku hiyohiyo. Usifanye hivo. Mpambaji anataka masaa matano au sita, na mgeni rasmi wa mahafali hajawahi kufika kwa wakati toka dunia iumbwe.

Ya serikali nayo, mwaka wa fedha unaisha 30 Juni. Ofisi nyingi Mei na Juni zinamalizia bajeti, semina juu ya semina, katikati ya wiki kabisa, yaani zile Jumanne zako zilizolala. Waandae mapema, wanataka projekta inayowaka, choo kisafi, chai ya saa nne yenye kitafunwa cha maana, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Julai kunakuwa kimya. Tahadhari moja tu, kuna ofisi ilinilipa baada ya miezi minane na mi nilishalipa watu wa chakula kutoka mfukoni, toka siku hiyo semina ya mkopo sikubali bila barua yenye sahihi na tarehe ya malipo, na chakula wanalipa wao moja kwa moja kwa mpishi.

Sasa kabla hujauza siku hata moja, tenga siku za jamii kwanza. Hapa ndo watu wengi wanakosea, wanauza kwanza alafu wanachobaki nacho ndo wanawapa vijana wa basketi, kina mama wa vikoba, kwaya, uchangiaji damu. Mi nafanya kinyume, naandika kwa kalamu nyekundu, Jumatatu na Alhamisi jioni michezo, Jumatano asubuhi vikundi vya akina mama, Jumapili moja kila mwezi mkutano wa mtaa, na hizo hazihamishwi kwa pesa yoyote. Kijana akifika na viatu vyake akakuta geti limefungwa kwa sababu ya sherehe ya mtu, mara mbili tu, harudi, na timu ikishasambaratika huiokoti tena.

Na usimtegemee mteja mmoja. Angalia AICC, kile kituo cha mikutano pale Arusha, lile jengo lilijengwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, jumuiya ikavunjika 1977, mwaka uliofuata ndo kituo kikaanzishwa. Baadae wakapata mpangaji mkubwa, mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, nayo ikafunga kazi mwisho wa 2015. Wao wana ukumbi wa Simba wa watu 1,350 na minara ya ofisi za kupangisha, wanahimili. Wewe una ukumbi mmoja na viti 400, ukitegemea kanisa moja au kampuni moja likihama umekwisha.

Kuhusu daftari lenyewe. Liwe moja, kalamu moja, mtu mmoja. Mwaka fulani mi niliandika kamati ya harusi kwenye daftari, mwenzangu akaahidi kamati nyingine kwa simu, Jumamosi hiyohiyo ya Oktoba, tukagundua zimebaki siku tisa na kadi zimeshagawiwa pande zote mbili. Nilienda nyumbani kwa baba wa binti mmojawapo, nikamkuta amekaa kibarazani na orodha ya wageni, akaniangalia akasema mwanangu, nitawaambia nini watu wanaotoka Mbeya. Tulimtafutia ukumbi mwingine tukalipia sisi, lakini ile sauti yake bado ninayo. Toka hapo mtu hajapata tarehe mpaka alete kianzio, nusu ya bei, nimwandikie risiti na yeye mwenyewe aje asaini kwenye ule mstari wa siku yake. Salio siku 14 kabla. Mtu akisema nitunzie tu kwa mdomo, mjibu taratibu, dada, mdomo wangu hauna kurasa.

Kitu kingine ambacho hakionekani kwenye kalenda ni usiku wa kugeuza ukumbi. Harusi inaisha saa sita usiku, mkutano wa SACCOS unaanza saa tatu asubuhi. Ukiingia baada ya MC kuondoka unakuta glita kila mahali, nta ya mishumaa imegandia sakafuni, bigijii chini ya viti, shela imesahaulika nyuma ya jukwaa. Nta usiikwangue kwa kisu utachubua sakafu, tumia kadi ngumu ya plastiki, na ikiwa kwenye kapeti weka karatasi ya khaki juu yake upige pasi ya moto mdogo, karatasi inainyonya yote. Bigijii ipake barafu mpaka iwe ngumu, itabanduka. Glita haifagiliwi, inapigwa na kitambaa chenye unyevu. Viti hesabuni usiku uleule mpambaji akiwepo, asubuhi kila mtu atakuwa hajui. Watu wanne masaa matatu wanamaliza, na walipwe pesa ya usiku, sio soda. Kwenye daftari hayo masaa nayaandika kama mteja kabisa, yana mstari wake.

Umeme, nunua LUKU Ijumaa asubuhi, na jenereta iwashwe kila Jumatano dakika 20 hata kama hakuna shughuli, jenereta iliyolala miezi miwili haitawaka siku ya Jumamosi. Milango ya dharura ifunguke kwa nje na siku ya shughuli isiwe na kufuli, hata mpambaji akilalamika kwamba inaharibu pazia lake. Hilo silijadili na mtu. Watu mia nne ndani ya chumba chenye vitambaa na mishumaa, mlango ni roho zao.

Siku za Simba na Yanga ulizia ratiba kabla ya kuthibitisha chochote, maana ukiweka kikao saa kumi na moja jioni siku ya mechi hiyo utakuwa na mwenyekiti na katibu peke yao. Afadhali weka skrini kubwa kiingilio kidogo, pesa iende kununua mipira ya vijana.

Na msiba. Msiba hauna bukingi. Tenga viti 200 vya plastiki na maturubai mawili ambayo hayakodishwi kabisa, yakae stoo upande wake, mtu akifiwa mtaani yanatoka siku hiyohiyo bila malipo na bila kuuliza kama ni mwanachama. Kama hakuna shughuli ukumbini, fungua waombolezaji walale ndani. Ukipanga bajeti ya mwaka iweke hiyo kama gharama ya kawaida, kama vile sabuni.

Desemba inajijaza yenyewe, vikoba vinavunjwa, kampuni zinafanya sherehe za mwisho wa mwaka, harusi za wanaorudi kutoka mijini na ughaibuni. Krismasi ya 2027 ni Jumamosi kabisa, kwaiyo usiiuze kwa pupa mwezi wa pili, bei ya siku hiyo itapanda. Tarehe 31 mpe mchungaji kwa ajili ya mkesha, wanamaliza alfajiri na kwa kawaida wanafagia wenyewe. Daftari la 2028 liwe limeshachorwa toka Septemba, na Ramadhani yake anza kuitafuta mwishoni mwa Januari.