Namna ya kuandaa baraza la kukumbuka Kenya 3, Tanzania 2

Kwanza tafuta Mtanzania. Kahawa na viti vitakuja baadaye. Ukikosa mtu wa upande wa pili utafanya sherehe ya Wakenya, na mechi ile haikuwa ya Wakenya peke yao. Mombasa hilo si kazi. Sisi wa Kibokoni ni nadra nyumba kukosa shangazi ama shemeji Tanga. Mimi humwalika shemeji yangu, shabiki wa Taifa Stars, timu ya taifa ya Tanzania, damu damu, na bila yeye siiti mtu.

Panga baada ya isha. Mechi yenyewe, ya makundi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, ilichezwa Cairo Alhamisi tarehe 27 Juni 2019, ikaanza saa tano usiku kwa saa zetu, kwa hivyo kukesha ni sehemu ya kumbukumbu. Kahawa chungu ya dele na kashata zatosha. Ukileta pilau, watu watakula badala ya kusema.

Simu zote ziwekwe mbali. Hapa usilegeze kamba hata kidogo, kwani mtu akishaliona goli kwenye kioo husimulia alichokiona sasa hivi, na alichokiona usiku ule kinapotea. Chukua kipande cha boksi, andika dakika tu: 6, 39, 40, 62, 80. Majina usiandike. Wenyewe watayajaza, na watabishana.

Aanze aliyefungwa. Mshindi ana haraka ya kufika dakika ya 80, lakini mwenye uchungu anakumbuka kila pasi. Shemeji huanzia dakika ya 6: Samatta wa Tanzania kapiga, kipa wetu Matasi kautema, Msuva kaumalizia. Akifika hapo sauti yake hubadilika, kwa sababu Tanzania haikuwa imecheza fainali hizo tangu 1980. Mwache amalize.

Dakika ya 39 na ya 40 zipe muda kuliko zote. Olunga wetu anasawazisha kwa tikitaka, watu hawajashuka kwenye viti, Samatta anaiweka Tanzania mbele tena. Muulize kila mmoja alikuwa wapi, alimkumbatia nani, alijua vipi kwamba ni 2-1. Jirani yangu alikuwa ametoka mbio hadi barabarani kushangilia. Aliporudi akaona wavu unatikisika akadhani ni marudio ya goli la Olunga, akashangilia upya. Hadithi kama hizo hazimo kwenye video yoyote, nazo ndizo tunazozifuata.

Ya 62 hupita haraka: kichwa cha Johanna Omolo, 2-2. Ya 80 ni Olunga tena, na hapo Wakenya waachie wapige kelele watakavyo.

Kisha mtu mmoja aeleze yaliyozunguka mechi, maana vijana wengi hudhani tulivuka makundi. Kenya ilikuwa imefungwa 2-0 na Algeria, ikaja kufungwa 3-0 na Senegal. Timu zetu zote mbili zilitolewa, na Algeria ikabeba kombe. Kwangu mimi hilo halipunguzi kitu. Usiku mmoja majirani wawili walifungana magoli matano mbele ya Afrika nzima.

Sasa toa video, itazameni mara moja bila kusimamisha, mkirekebisha boksi lenu. Mechi ya baraza lijalo achague mgeni wa Tanga.