Kifua Kinachouma Baada ya Homa: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kumwona Daktari

Mdogo wangu alipona mafua makali wiki tatu zilizopita, lakini hapa Busia, Uganda, bado namkuta usiku amelala ameketi, amekumbatia mto. Akilala chali kitu kinamchoma nyuma ya mfupa wa kifua. Akiinama mbele, kinatulia. Majirani wanasema ni malaria iliyojificha, wengine vidonda vya tumbo. Nikamwambia: hayo uliyonieleza, yaandike, maana daktari atayahitaji kabla ya kipimo chochote.

Kwanza, yapo maumivu yasiyongoja maandalizi. Kifua kikibana, uchungu ukipanda shingoni, tayani au mkononi, pumzi ikikata ukiwa umekaa tu, ukizimia, ukikohoa damu, au mguu mmoja ukivimba na kuuma huku unahema, achana na karatasi. Tafuta gari, na mtu wa kukaa nawe. Anayeweza kuzimia njiani asipakiwe kwenye bodaboda kama kuna njia nyingine.

Kama hali si hiyo, jichunguze kwa siku moja. Pitisha kidole pembeni mwa mfupa wa kati wa kifua, pale mbavu zinapoungana nao. Ukigusa mahali pamoja ukaruka kwa uchungu, huenda ni gegedu za mbavu, ile mifupa laini ya maungioni, zilizochoshwa na kukohoa, na hizo huweza kuuma wiki kadhaa. Kichomi kinachokuja kila ukivuta pumzi ndani kinaweza kuwa cha utando wa mapafu, au nimonia iliyofuata mafua. Maumivu yanayozidi ukilala chali na kupungua ukiinama, kama ya mdogo wangu, humfanya daktari aufikirie mfuko unaouzunguka moyo, ambao virusi huweza kuuvimbisha. Mapigo yakienda ovyo na ngazi chache zikikuchosha, taja hilo kabla ya yote: misuli ya moyo yenyewe inaweza kuwa imeguswa. Kidole chako hakitoi jibu. Kinakupa tu maelezo sahihi ya kupeleka.

Kikohozi je? Kikohozi kikifika wiki mbili, omba upimwe kifua kikuu, hasa ukitoa jasho usiku au ukikonda. Kwenye vituo vya serikali matibabu yake ni bure, kwa hiyo usiache kwa kuogopa gharama.

Beba pakiti za dawa zote ulizomeza, hata zile za dukani zilizofungwa kwenye kikaratasi, na ukumbuke sindano ulizochomwa. Hapa ndipo wengi wetu tunajiumiza. Mtu anameza diklofenaki asubuhi, jioni anaongeza ibuprofeni, bila kujua kwamba ni dawa za jamii moja na zote huumiza tumbo na figo. Mwenye mimba, mwenye vidonda vya tumbo au shinikizo la damu aseme mapema.

Fikiria pia pa kwenda. Kituo cha afya cha ngazi ya pili au ya tatu, yaani kidogo cha karibu, kitakupima malaria na kukusikiliza kifua, lakini kipimo cha umeme wa moyo na picha ya kifua mara nyingi hupatikana hospitali kubwa. Sisi tuliuliza kwa simu kwanza kama mashine inafanya kazi siku hiyo, tukatenga nauli ya kwenda hadi hospitali ya rufaa ya Mbale endapo tungeandikiwa rufaa. Magonjwa mazito ya moyo hupelekwa Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyo Mulago, Kampala.

La mwisho ni kazi, na hili tuligombana sana. Mdogo wangu hubeba magunia mpakani, asipobeba, hali chakula. Lakini misuli ya moyo ikiwa imevimba, kujitutumua kunaweza kuvuruga mapigo ghafla, na madaktari huwakataza wagonjwa wa namna hiyo mazoezi mazito kwa miezi 3 hadi 6. Basi mpaka apimwe, magunia yanabebwa na wenzake, naye anakaa kuandika hesabu. Kwenye karatasi yake swali la kwanza limepigiwa mstari: nikibeba tena, ni lini, na nianze na kilo ngapi?